Ulitegemea 24, umepata ngapi? Kutatua michanganyiko ya safu inapokwenda mrama

Fulana zinakuja kwa saizi nne, rangi tatu na shingo za aina mbili. Mwenye duka anataka orodha ya kila fulana inayowezekana, ili kila moja iwe na mstari wake kwenye hesabu za stoo. Nne mara tatu mara mbili ni 24. Mtoto wa shule ya msingi anakupa jibu huku anamung'unya ubuyu. Lakini msimbo wa kompyuta unaotakiwa kuandika mistari hiyo 24 unaweza kukuletea 0, 2, 3, 6, 9, 40, 84, au hata 24 kamili zilizooza ndani.

Nikiletewa msimbo wa namna hii na mtu anayelalamika kwamba "haufanyi kazi", siusomi kwanza. Nauliza: ulitegemea ngapi, na umepata ngapi? Namba ya pili ikishatajwa, mara nyingi kosa nimeshalijua kabla sijafungua faili. Ndiyo maana hapa nimepanga mambo kwa namba uliyopata, si kwa jina la kosa. Ukikwama saa sita usiku jina la kosa hulijui, ila namba unaiona kwenye skrini.

Mifano mingi ni ya Python, michache ya JavaScript. Safu zetu, yaani orodha za vitu tunavyochanganya, ni hizi:

```python
saizi  = ["S", "M", "L", "XL"]
rangi  = ["nyeupe", "nyeusi", "kijani"]
shingo = ["duara", "V"]
```

Na njia iliyonyooka ni hii:

```python
from itertools import product

fulana = list(product(saizi, rangi, shingo))
print(len(fulana))   # 24
```

Wanahisabati wanaiita kazi hii zao la Kartesi, kutokana na jina la René Descartes, Mfaransa wa karne ya 17 ambaye tunamkumbuka kila tunapochora mihimili ya x na y. `product` imo ndani ya Python tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008, kwa hiyo hakuna sababu ya kuisuka upya kwa mkono, isipokuwa kama unajifunza au lugha unayotumia haina kitu kama hicho. Wengi huisuka kwa mkono hata hivyo, na hapo ndipo kazi yangu inapopatikana.

Umepata chache: 2, 3, 9 au 6

Ukipata 2, nenda moja kwa moja ukatafute neno `zip`. Ni zipu ya koti kwelikweli: jino la kushoto linabanwa na la kulia, na upande mfupi ukiisha inasimama. Shingo ni mbili tu, kwa hiyo unapewa S nyeupe ya duara na M nyeusi ya V, kisha kimya. L na XL hazionekani tena na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Kama `zip` unaihitaji kwa kazi nyingine, tangu Python 3.10 unaweza kuiandikia `strict=True` ili ipige kelele safu zisipolingana urefu. Kwa kazi hii, iondoe uweke `product`.

Ukipata 3, yaani idadi ya safu zenyewe, umesahau nyota. `product([saizi, rangi, shingo])` inaona kitu kimoja tu, safu yenye vitu vitatu ndani, nayo inakurudishia vilevile vitatu, kila kimoja kwenye mabano yake. Nyota ndiyo inayofungua kifurushi: `product(*[saizi, rangi, shingo])`. Kosa hili huwapata hasa wale ambao hawajui mapema watakuwa na safu ngapi, kwa mfano zikiwa zinatoka kwenye hifadhidata. Aliyeandika majina matatu kwa mkono hakutani nalo.

Tisa ni 4 + 3 + 2. Umejumlisha pale ulipotakiwa kuzidisha: ama umeunganisha safu zote kuwa moja kabla ya kuanza, ama vitanzi vyako, zile `for` zinazorudia kazi, vinafuatana badala ya kuwa kimoja ndani ya kingine. Kwenye Python angalia nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari, kwa sababu `for` ya pili ikirudi kushoto hatua moja tu, hadithi inabadilika.

Sita ina hila zaidi, maana vitanzi vimekaa sawa na msimbo unasomeka vizuri kabisa:

```python
rangi = map(str.strip, open("rangi.txt"))

for s in saizi:
    for r in rangi:
        for g in shingo:
            print(s, r, g)
```

Itachapa mistari sita, na yote ni ya saizi S. M ilipofika zamu yake, rangi zilikuwa zimekwisha. Kwenye Python 3, `map` haikupi safu. Inakupa kitu kinachotoa rangi moja moja, na kikishazitoa zote hakirudi nyuma. Ni kama foleni ya mgao wa maji: S imekinga ndoo zote, wengine wamekuta bomba kavu. Ziandike rangi kwenye safu ya kweli, `rangi = list(map(...))`, na zile 24 zitarudi. Ukitumia `product` hutaliona tatizo hili, kwa sababu yenyewe huanza kwa kujaza kila safu kwenye kumbukumbu ya kompyuta ndipo izunguke. Lakini hilo nalo lina gharama yake: ukiipa kitu kisicho na mwisho, kama `itertools.count()`, itakaa inajaza tu na hata mchanganyiko wa kwanza hutauona.

Umepata 0

Sifuri ya kwanza ni halali. Safu moja tu ikiwa tupu, zao zima ni sifuri, kwa sababu 4 × 3 × 0 ni sifuri hata ukilia. Hii hutokea siku mwenye duka anapoongeza kofia. Kofia haina shingo, safu ya shingo ni tupu, na kofia zote zinatoweka dukani bila kelele. Watu wengi hukimbilia kuziondoa safu tupu kabla ya kuzidisha. Inafanya kazi, ila sasa michanganyiko ya kofia ina vitu viwili na ya fulana ina vitatu, na msimbo wa mbele unaosoma "nafasi ya tatu" utaanguka. Mimi napendelea kuijaza safu tupu alama ya "hakuna":

```python
safu = [s or ["-"] for s in (saizi, rangi, shingo)]
```

Sifuri ya pili ni ya wale wanaopenda kuhakikisha. Wameandika `p = product(saizi, rangi, shingo)`, wakajaribu `len(p)`, wakaambiwa kitu hicho hakina `len`. Basi wakaandika `print(len(list(p)))`, wakaona 24, wakafurahi. Mstari unaofuata ni kitanzi cha kuandika bidhaa, na hakiandiki hata moja. Ni bomba lilelile kavu: kule kuhesabu ndiko kulikomaliza maji. Hifadhi `list(p)` kwenye kigeu uhesabu hicho, au tafuta idadi kwa kuzidisha urefu wa safu bila kuigusa `p`: `math.prod(map(len, safu))`.

Sifuri ya tatu ni ya JavaScript, ukiwa umejenga kwa `reduce`, inayopitia safu moja moja huku ikikusanya jibu, na kuanzia na `[]`. Mahali pa kuanzia ni `[[]]`, safu yenye safu tupu moja ndani yake. Tofauti ni mabano mawili tu kwa macho, lakini ya kwanza inasema "hakuna mchanganyiko hata mmoja", na ya pili inasema "upo mchanganyiko mmoja, ambao bado haujawekewa kitu". Ukianza na hakuna, kila utakachoongeza hakina pa kushikia. Kwa sababu hiyohiyo `list(product())`, bila safu yoyote, inakupa `[()]` yenye urefu wa 1, si 0. Nimeshaona watu wakiliita hilo kosa na kuliwekea kiraka. Liache lilivyo. Ndiyo ile 1 unayoanza nayo unapozidisha.

Umepata nyingi kupita kiasi

Hapa lawama ya kwanza inakwenda kwa neno "michanganyiko" lenyewe, maana linabeba mizigo mingi. Kama umepata 84, umerundika vitu vyote tisa pamoja na kuita `combinations(vyote, 3)`, inayochagua vitu vitatu kati ya tisa bila kujali mpangilio. Utaona fulana ya "S, M, L" isiyo na rangi wala shingo. Kama umepata 504, umetumia `permutations`, inayojali mpangilio: zile 84 kila moja imepangwa kwa njia sita. Zote mbili ni zana nzuri kwa kazi nyingine, mfano kuchagua wachezaji watatu kati ya tisa. Kwetu sisi, kila safu inatoa mwakilishi wake mmoja, na hiyo ni `product`.

Kama umepata 40, gawanya kwa saizi na shingo: 40 ÷ 8 ni 5. Kwa hiyo kompyuta inaona rangi tano pale unapoona tatu. Zichape ukiwa umezizungushia alama za nukuu na utawaona mapacha: `'kijani'`, `'Kijani'`, `'kijani '`. Yule wa tatu ana nafasi tupu mkiani, na kwa jicho la kawaida humtambui. Safisha kabla ya kuzidisha, si baada:

```python
rangi = list(dict.fromkeys(r.strip().lower() for r in rangi))
```

Nimetumia `dict.fromkeys` badala ya `set` kwa makusudi. Tangu Python 3.7 kamusi zinatunza mpangilio wa vitu vilivyoingizwa, lakini `set` haiahidi chochote. Ukipitisha safu ya maneno kwenye `set`, leo kijani itatangulia, kesho nyeusi, kwa sababu Python hubadili hesabu ya ndani ya maneno kila programu inapoanza upya. Mtu anayelalamika kwamba "michanganyiko ni sahihi ila mpangilio unarukaruka kila nikiwasha" ana `set` mahali fulani njiani.

Gawanyo hilo la kurudi nyuma ni zana unayoweza kuitumia popote. Kuna aliyeniletea 60. Alikuwa na shingo ya aina moja tu, hivyo alitegemea 12. 60 ÷ 12 ni 5, na "duara" ina herufi tano. Alikuwa ameandika `shingo = "duara"` bila mabano ya mraba, na Python, ambayo huliona neno kama safu ya herufi, ikamtengenezea fulana za shingo d, u, a, r, na a tena. Kwa kuwa "a" imejirudia, fulana tofauti zilikuwa 48 tu kati ya zile 60. Kabla ya kunifikia alikuwa amekwishapambana na "marudio" hayo kwa `set`, akapata 48, akazidi kuchanganyikiwa.

Kwenye hifadhidata ugonjwa huu unakuja hata kwa asiyetaka michanganyiko kabisa. Ukiandika `SELECT * FROM oda, wateja` ukasahau sharti la kuunganisha, hiyo ni zao la Kartesi. Oda 500 na wateja 200 zinakuwa mistari 100,000, na ripoti inaonyesha kila mteja amenunua kila kitu. Ukilitaka zao hilo, andika `CROSS JOIN` waziwazi ili atakayesoma baada yako ajue ulikusudia.

Umepata 24 sawasawa, lakini ndani kuna uozo

Hili ndilo fungu baya, kwa sababu namba inakudanganya. Hapa ndipo unapolazimika kufungua macho na kusoma mistari yenyewe, na usome ya mwisho kwanza.

Uozo wa kwanza ni wa waliosuka kwa mkono fankisheni inayojiita yenyewe:

```python
matokeo = []

def tafuta(i, sasa):
    if i == len(safu):
        matokeo.append(sasa)
        return
    for k in safu[i]:
        sasa.append(k)
        tafuta(i + 1, sasa)
        sasa.pop()

tafuta(0, [])
```

Ukichapa `sasa` kila inapofika mwisho, utaona fulana 24 safi. Ukichapa `matokeo` baada ya kazi, utaona safu 24 tupu. Mtu anaapa kompyuta ina mashetani. Ukweli ni kwamba `matokeo` haikuhifadhi fulana 24. Imehifadhi anwani ya nyumba ileile mara 24, na kila mpangaji aliyeingia ametolewa na `pop`. Ukienda kupiga hodi mwishoni, nyumba ni tupu kwenye anwani zote. Dawa ni kupiga picha kabla mpangaji hajahama: `matokeo.append(sasa[:])`, yaani weka nakala.

Binamu wa kosa hili ni yule anayeandika juu ya nafasi, `sasa[i] = k`, bila kuongeza wala kutoa. Yeye hapati tupu. Anapata XL ya kijani yenye V mara 24, mpangaji wa mwisho kwenye kila anwani. Dawa ni hiyohiyo.

Na ukiweka nakala lakini ukasahau `pop`, mstari wa kwanza utakuwa sawa, wa pili utakuwa na vitu vinne, na kila mstari utarefuka kuliko uliotangulia hadi wa 24 unaobeba vitu 40. Arobaini si bahati nasibu: 4 vya ngazi ya kwanza, 12 vya ya pili, 24 vya ya tatu. Ukiona mistari inayorefuka kama mkia wa kishada, tafuta kitu kilichoingizwa na hakikutolewa.

Uozo wa pili ulinipata mimi mwenyewe, kwenye hilihili duka la fulana. Nilikuwa na haraka, nikaandika hivi:

```javascript
const safu = [saizi, rangi, shingo];

const zote = safu.reduce((kusanyiko, s) =>
  kusanyiko.flatMap(m => s.map(k => [...m, k]))
);
```

Mistari 24. Nikasoma kumi ya mwanzo, yote mizuri, nikapakia kwenye tovuti nikaenda zangu kula. Baada ya siku mbili mwenye duka, mama mtu mzima, akanipigia. Sijamaliza kusema shikamoo, akaniuliza: "Mwanangu, hii saizi X anavaa nani? Na rangi L niitafute soko gani?"

Nikafungua orodha, nikashuka hadi chini. Mistari 18 ya S, M na L ilikuwa sahihi. Sita ya mwisho ilisomeka `["X", "L", "nyeupe", "duara"]` na wenzake. Sikumpa `reduce` pa kuanzia. Ukiiacha bila mwanzo, JavaScript inachukua kitu cha kwanza, yaani safu ya saizi, na kukifanya kuwa kusanyiko. Kwa hiyo `m` haikuwa safu, ilikuwa neno. Zile nukta tatu zikilikuta neno hulipasua herufi kwa herufi: "S" ikipasuliwa ni "S" ileile, lakini "XL" inakuwa X na L. Saizi tatu za herufi moja zililificha kosa. Kama ningeanza na rangi, ningeona n, y, e, u, p, e kwenye mstari wa kwanza na nisingepigiwa simu. Marekebisho ni mabano manne, `[[]]`, kabla ya kufunga `reduce`. Mama nilimwambia ni hitilafu ndogo ya mtandao. Mungu anisamehe.

Tangu siku hiyo data yangu ya majaribio haina vitu vya herufi moja, na kwenye kila safu kuna angalau kipengele kimoja chenye nafasi katikati, kama "kijani kibichi".

Wa PHP nao wana la kwao. 24 zinatoka, ila XL haipo kabisa na L imejirudia mara mbili. Tafuta juu ya msimbo kitanzi cha `foreach ($saizi as &$v)` kilichopita, pengine cha kusafisha majina. Ile alama ya `&` imeacha `$v` ikiwa bado imefungwa kwenye kipengele cha mwisho, na kitanzi kinachofuata chenye `$v` hiyohiyo kinaandika juu yake. Weka `unset($v);` mara tu kitanzi cha kwanza kinapofungwa.

Kuhusu mpangilio sina mengi. `product` huenda kama mita ya kilomita kwenye gari: tarakimu ya kulia kabisa inazunguka haraka, ya kushoto inasubiri. Kama unataka fulana zote nyeupe zikae pamoja, weka `rangi` iwe ya kwanza kwenye mabano. Usiandike msimbo wa kupanga upya.

Haimalizi, au kompyuta imeganda

Kabla ya kulaumu msimbo, zidisha. Safu kumi zenye vitu kumi kila moja ni michanganyiko 10,000,000,000. Ukiiweka yote kwenye `list`, kila mchanganyiko una anwani kumi, na kwenye kompyuta ya biti 64 kila anwani ni baiti 8. Hizo ni baiti 80 kwa mchanganyiko, GB 800 kwa jumla, na bado hujahesabu gharama nyingine. Laptopu yenye RAM ya GB 8 haina makosa hapo.

Hatua ya kwanza ni kuondoa `list` na kushughulikia mchanganyiko mmoja mmoja unapotoka: `for m in product(*safu):`. Kumbukumbu inapona, lakini muda haupungui. Hata ukishughulikia milioni moja kwa sekunde, bilioni kumi ni sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika 47. Ongeza safu mbili za vitu kumi na ni zaidi ya siku 11. Kila safu mpya haiongezi kazi, inaizidisha.

Hatua ya pili ni kukata mapema. Ikiwa XL haishonwi kwa kijani, usizalishe michanganyiko yote ndipo uichuje. Weka sharti kwenye kitanzi mara tu saizi na rangi zinapojulikana, kabla ya kugusa shingo. Kwa fulana 24 unaokoa mbili tu, kichekesho. Kwa safu kumi, sharti moja lililowekwa kwenye ngazi ya pili linakata tawi zima lenye michanganyiko milioni mia moja.

Kwenye JavaScript kuna ujumbe unaopoteza watu: `RangeError: Maximum call stack size exceeded`. Wanaenda kusaka fankisheni inayojiita bila kikomo, na haipo. Angalia kama umeandika `zote.push(...mpya)`. Nukta tatu hapo zinageuza kila kipengele kuwa hoja ya fankisheni, na hoja zikifika malaki, nafasi inaisha. Tumia kitanzi cha kawaida, au jenereta ya `function*` itakayotoa mmoja mmoja.

Na mara nyingi huhitaji yote. Unahitaji mia moja za kujaribia, au ule wa 17, au kuendelea pale umeme ulipokatika. Hapo huna haja ya kuzunguka. Kila mchanganyiko una namba yake, na namba hiyo unaifungua kama unavyogeuza sekunde kuwa dakika na saa:

```python
def wa_namba(n, safu):
    m = []
    for s in reversed(safu):
        n, baki = divmod(n, len(s))
        m.append(s[baki])
    return m[::-1]
```

Chukua 17, tukihesabu kuanzia 0. Gawanya kwa shingo 2: ni 8, baki 1, hivyo V. Nane kwa rangi 3: ni 2, baki 2, hivyo kijani. Mbili kwa saizi 4: ni 0, baki 2, hivyo L. Jibu ni L ya kijani yenye V, na `list(product(saizi, rangi, shingo))[17]` itakuambia hivyohivyo. Kwa sampuli, `random.randrange(jumla)` inakupa namba na fankisheni hii inakupa fulana, hata kama jumla ni bilioni kumi.

Jumla yenyewe ndiyo iangalie ukiwa nje ya Python, maana Python haina kikomo cha namba nzima. JavaScript inaanza kukosea baada ya 9007199254740991. Java ikitumia `int` inaishia 2147483647 kisha inazunguka kimyakimya, na bilioni kumi zetu zinageuka 1410065408, namba inayoonekana ya heshima kabisa. Ukiikuta hiyo, vitanzi vyako ni vizima. Badilisha `int` iwe `long`.